Nishati Iliyotumika Leo

3 Julai

Daftari hili nimepewa leo na Loveness, msichana wa chuo kikuu anayefanya utafiti wa nishati majumbani. Juu ya kila ukurasa amechapa mistari miwili: "Nishati iliyotumika leo" na "Ilikopatikana". Chini yake ameacha nafasi ya kuandika "lolote unaloona lina umuhimu". Nikamwambia, binti yangu, mimi nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na mitatu, usiniachie nafasi tupu ukadhani itabaki tupu. Akacheka. Kwao ni Kolandoto, ana adabu, ameniamkia shikamoo kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kila baada ya wiki mbili atapita kuzipiga kurasa picha kwa simu.

Haya. Nishati: kuni. Ilikopatikana: nyuma ya nyumba.

Martina, mwalimu mstaafu, mjane, katibu wa kamati ya ngitili. Sina ng'ombe. Nina mbuzi watano na kuku.

4 Julai

Kuni.

5 Julai

Kuni. Nimechemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, moto mdogo unatosha.

9 Julai

Kuni. Loveness ameniuliza ngitili ni nini hasa, maana kwenye vitabu vyake imeelezwa kwa maneno magumu. Nimemwambia ni eneo la majani na miti tunalolifunga mvua za kwanza zikianguka. Haingii ng'ombe, haliingii shoka. Majani yanaota mpaka kiunoni, yanakauka yakiwa yamesimama, yanatusubiri. Kiangazi kikibana, huku nje kukiwa vumbi tupu, kamati inafungua kipande kimoja, kikiisha kingine. Wakati wa kufunga, mimi na mwenyekiti tunazunguka kona nne na kufunga fundo la nyasi kwenye mti wa kila kona. Hakuna uzio wala mlinzi. Watu wanaliheshimu fundo kwa sababu wanajua ipo siku litafunguliwa.

Mwenyekiti ni Maduhu, mdogo wa marehemu mume wangu. Sikio lake la kushoto limekufa, lakini ulimi anao wa watu wawili.

Loveness akauliza, na Mradi je? Nikamweleza. Mwaka juzi walikuja watu wa hewa ukaa. Wakasema miti yetu inavuta moshi wa viwanda vya mbali, na wenye viwanda wako tayari kutulipa tuitunze. Nani angekataa kulipwa kwa kitu anachokifanya tangu enzi za babu? Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni kuusoma mkataba kwa sauti. Kifungu cha saba kilisema ngitili itafunguliwa kwa kibali cha Mradi tu. Nilikisoma, nikatulia kwenye nukta kama ninavyotulia siku zote, nikaendelea na cha nane. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tangu tuzaliwe hatujaona ngitili iliyofungwa ikakosa kufunguliwa, sasa mtu angeuliza nini?

14 Julai

Kuni. Loveness amemhoji Maduhu uwanjani kwangu. Mimi nilikaa juu ya mtungi wa gesi. Mitungi hii tuligawiwa mwaka jana, kila kaya mtungi na jiko lake, kampeni ya nishati safi. Wangu haujawashwa hata siku moja. Gesi ikiisha ni safari mpaka Tinde dukani kwa Zakir, na kuni ziko hapo nyuma. Ila kwa kukalia, mtungi ni mzuri.

"Mzee, ng'ombe wangapi wanakutosha?"

"Sema upande huu."

"Ukiwa na ng'ombe wangapi utasema sasa basi, imetosha?"

"Na wewe ukiwa na digrii ngapi?"

Msichana akaona haya, lakini hakurudi nyuma. Akamweleza kwamba wako wasomi wanaosema uchumi hauwezi kukua siku zote, kwamba watu wajifunze maisha ya kutosheka ili ardhi ipumue. Tena akasema ngitili ni mfano mzuri wa hayo, watu wanajinyima kwa pamoja. Maduhu alisikiliza kwa lile sikio zima mpaka mwisho.

"Ng'hana, kweli kabisa, maneno mazuri hayo," akasema. "Mmeshawaambia na wale wanaonunua hewa yetu? Maana wangekuwa wametosheka, wasingekuwa na moshi wa kuja kuutupa kwenye miti yangu."

Loveness akaandika. Mimi nikacheka mpaka mtungi ukayumba.

20 Julai

Kuni. Upepo.

21 Julai

Kuni. Upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

28 Julai

Kuni. Amekuja Theonest, afisa wa Mradi. Kijana msafi huyu, viatu vyake havishiki vumbi, sijui anafanyaje. Tuliomba kibali tangu Juni. Amesema maombi yamepokelewa, ila mwaka huu ni mwaka wa upimaji. Picha zitapigwa kutoka angani mwezi wa kumi, na majani yakionekana yameliwa kiwango chetu cha malipo kitashuka.

"Mwalimu, tuvumilie kidogo," akasema.

"Sawa mwanangu, tutavumilia," nikajibu.

Nani alinituma niseme tutavumilia? Mbuzi wangu wanakula hata maboksi.

5 Agosti

Kuni. Ng'ombe wa jirani yetu Maganga wanalala na hawaamki wenyewe. Kila asubuhi wanaume wanne wanawainua kwa mkia na pembe, wanawashikilia mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Ukipita njiani unaona majani ya ngitili kule ng'ambo, ya manjano, mengi, yanalala na upepo na kuinuka. Ng'ombe nao wanayaona. Wanasimama mpakani wanalia.

8 Agosti

Kuni. Kibali bado.

12 Agosti

Kuni. Mwanangu Masalu amekuja kutoka Bulyanhulu, anakochimba dhahabu kwenye duara la mtu, shimo la kwenda chini na kamba. Sura imekuwa ya vumbi la mawe. Amekula ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, ndipo akasema lililomleta. Huko machimboni matimba hayapatikani, ile miti ya kuzuia kuta za duara zisiwaangukie. Na ngitili yetu ina migunga iliyonyooka.

Nikamwambia toka.

"Mama, wiki iliyopita ukuta ulitufuata. Tulikuwa tisa chini. Tulitoka kwa bahati."

"Mtoto wa katibu wa ngitili aje na shoka? Toka, Masalu."

Akatoka. Mke wake Nelly, ambaye nyumba yake iko hapa hapa uani kwangu, sufuria aliiweka chini kwa kishindo. Nilijiona mtu wa msimamo sana jioni hiyo.

15 Agosti

Kuni. Kibali bado. Maganga ameanza kuchuna ngozi.

19 Agosti

Kuni. Saa kumi na moja alfajiri nimemwona Maduhu akiingiza ng'ombe wake ngitili, upande wa kisima. Mwenyekiti mwenyewe! Nimeshangaa sana. Sisi viongozi tunapaswa kuwa mfano.

20 Agosti

Kuni. Maduhu ameingiza tena.

22 Agosti

Kuni. Loveness amepita, amepiga kurasa picha. Amesema daftari langu ndilo bora kuliko yote arobaini, kwamba mimi naandika "kama mtafiti". Nimefurahi siku nzima kama mtoto aliyepewa nyota.

25 Agosti

Kuni.

29 Agosti

Sikumbuki nimepikia nini.

Asubuhi yamekuja magari mawili, Theonest na askari sita. Walikwenda moja kwa moja upande wa kisima, kama watu walioelekezwa. Ng'ombe kumi na saba wa Maduhu walikuwa humo. Wakawaswaga mpaka barabarani. Watu wakakusanyika. Maduhu alikuwa mtulivu, akauliza ni nani aliyesema. Theonest akajibu wana taarifa kutoka kwenye tathmini ya kaya.

"Kaya ipi?"

"Mzee, hilo ni siri."

"Ng'ombe ni wangu, aibu ni yangu, siri iwe yako?"

Theonest, sijui alitaka kuonyesha kwamba hakutunga, akatoa simu akaanza kusoma. Saa kumi na moja alfajiri. Upande wa kisima. Sisi viongozi tunapaswa kuwa mfano. Maganga alikuwa amesimama begani kwake. Akainamia kile kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Huu ni mwandiko wa mwalimu," akasema.

Nusu ya kijiji hiki wamejifunzia herufi kwenye mwandiko huo. Maganga nilimshika mkono mimi mwenyewe akiandika m ndogo. Hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Wote wakageuka kunitazama, na mimi nikatazama chini kama mtoto aliyekutwa na chaki mfukoni.

30 Agosti

Kuni. Nimempigia Loveness. Alilia kwenye simu. Kurasa alizituma kwa profesa wake, kama kawaida, na utafiti wa profesa unalipiwa na Mradi. Yeye hilo halikumjia akilini. Anasema waliahidi majina yatafichwa. Nikamwambia majina yalifichwa kweli, mwandiko ndio hawakuuficha. Nilitaka kumgombeza zaidi, nikakosa nguvu. Ana miaka ishirini na sita, anaamini karatasi. Mimi nina sitini na tatu na niliziamini vilevile.

4 Septemba

Kuni. Ng'ombe wamefungiwa kwenye boma mjini wakisubiri utaratibu. Hakuna anayejua utaratibu ni wa nani. Maduhu analala nje ya boma. Anawapelekea maji kwa ndoo, askari wakimruhusu.

8 Septemba

Kuni. Wamekufa wanne.

10 Septemba

Kuni. Wamekufa sita tena.

12 Septemba

Kuni. Wamewaachia. Walitoka saba, wakafika nyumbani watatu. Wengine wamelala kando ya barabara.

14 Septemba

Kuni. Loveness hapigi tena picha, kwa hiyo leo naandika ambalo sikuliandika.

Tarehe 18 Agosti Maduhu alikuja kwangu. Hakuwa wa kunificha jambo. Akasema, "Shemeji, wewe ni katibu, mimi mwenyekiti. Wakikaa wiki moja tena sina mtu wala mnyama. Nifanye nini?" Mimi ndiye niliyemwambia aingize alfajiri, upande wa kisima, maana huko hakuna njia ya watu. Nikamwambia usingizi wangu ni mzito, sitaona kitu. Akanishukuru. Akainama kabisa, mtu mzima yule, akasema ahsante mayu, ahsante mama.

Kesho yake nikaandika kwamba nimeshangaa sana.

Kwa nini niliandika? Nimejiuliza usiku na mchana. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeandika "kuni" nikafunga daftari. Lakini nilijua yule msichana atasoma, na nilitaka anione mwalimu, mtu wa kanuni, si bibi wa kijijini anayenong'onezana na shemeji yake juu ya majani. Kwa ajili ya kusifiwa na binti wa watu nimemwangamiza ndugu wa mume wangu. Ndivyo ilivyo, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

17 Septemba

Leo limekaa dagashida, baraza letu la kijiji zima, ambalo halina meza wala mhuri na ndilo tunaloliogopa kuliko mahakama.

Kosa langu halikuwa kusema. Katibu ana haki ya kusema. Kwetu mtu akivunja ngitili analetwa hapa, anatozwa mbuzi, anazomewa, mbuzi analiwa na yeye akiwemo, kesho mnasalimiana. Kosa langu ni kumpeleka mtu wa ndani kwa watu wa nje. Nilitaka kusimama niseme sikumpeleka, niliandika tu. Nikajisikia nikilisema moyoni, nikaona linavyonuka.

Jambo la tarehe 18 sikulisema, na Maduhu hakulisema. Angelisema, tungetozwa wote wawili, na lake lingepungua. Alinyamaza. Yeye ndiye mwenyekiti, kwa hiyo yeye ndiye aliyetamka. Alisimama, akageuzia watu lile sikio zima, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba kuanzia leo mpaka mavuno mwalimu Martina hasalimiwi, hachotewi maji, haombwi chumvi wala hapewi, na hapewi moto.

Sauti ilimkatika kwenye moto.

18 Septemba

Asiyekuwa wa huku hataelewa. Viberiti vipo, ndiyo. Lakini kwetu moto wa asubuhi unaombwa. Unachukua kigae cha chungu, unakwenda kwa jirani, unasalimia, unauliza walivyolala, unapewa makaa mawili unarudi nayo. Moto wa kijiji hiki umekuwa ukitembea nyumba kwa nyumba tangu sijaolewa. Leo asubuhi nimesimama mlangoni na kigae mkononi kwa mazoea. Nelly alikuwa anapuliza moto wake hatua kumi kutoka kwangu. Akaniona. Akageukia ukutani.

Dukani kwa Maganga nimeomba kiberiti. Akaendelea kupanga sabuni.

19 Septemba

Nishati: gesi. Ilikopatikana: nimesimama kutoka juu yake.

Jiko lake lina kiwashio, unazungusha linajiwasha lenyewe, halimwombi mtu. Moto wa bluu, hauna moshi wala harufu. Uji umeiva haraka kuliko nilivyotaka, nikabaki sina cha kufanya.

20 Septemba

Gesi.

21 Septemba

Gesi. Wajukuu zangu wanapita mbio mbele ya mlango wangu.

22 Septemba

Gesi.

30 Septemba

Gesi. Loveness amekuja, kakonda. Aliomba msamaha kwa magoti, nikamwinua. Akakagua jiko, akasema kitu ambacho nadhani hakukusudia kukisema kwa sauti: kati ya kaya arobaini, ni yangu peke yake iliyohamia nishati safi.

"Utaandika kwa sababu gani?" nikamuuliza.

"Jedwali halina nafasi ya sababu, mwalimu."

Tukatazamana. Akaanza kucheka, nikaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka kilio. Nikamwambia aende, asije akaonekana anaongea na mimi akakosa watu wa kuhoji.

6 Oktoba

Gesi. Maganga aliamka akaingia ngitili na shoka mchana kweupe. Niliwasikia yeye na mwenzake wakizungumza njiani, maana mbele yangu wanaongea kana kwamba mimi ni ukuta.

"Umekata?"

"Nimekata. Ni ya nani?"

"Ya Mradi."

"Basi nimekata ya Mradi."

7 Oktoba

Gesi. Mashoka tangu alfajiri.

8 Oktoba

Gesi. Mashoka. Wanaume, wanawake, hata mkatekista. Waliouogopa ule mti wa kona kwa sababu ya fundo la nyasi, leo wanagombania matawi yake. Sikuelewa mpaka nilipokaa nikafikiri. Miaka yote hiyo hatukuwa watu wema kuliko wengine. Tulijinyima kwa sababu kile tulichojinyima kilikuwa chetu, na siku ya kukila tungekuwa wote tumekaa mstari mmoja. Kikishakuwa cha mwingine, anayejinyima ni mjinga tu. Loveness angehitaji sura nzima kulisema hilo, na mimi ningempa alama zote.

9 Oktoba

Gesi. Lori limekuja kutoka machimboni kuchukua matimba. Aliyeshuka wa kwanza ni Masalu. Alipita mlangoni kwangu, akasimama.

"Mama, siruhusiwi kukusalimia."

"Umeshanisalimia tayari."

"Umekonda."

"Chukua ile mirefu ya upande wa kisima," nikamwambia. "Migunga ya kule imenyooka. Ukuta usije ukawafuata tena."

Alitazama mikono yake. Mimi, katibu wa ngitili, nimemwonyesha mwanangu pa kukata. Nilimfukuza mwezi wa nane nikijiona mtu wa maana. Angekata wakati ule kumi tu, na kwa ruhusa, pengine dagashida lingeelewa. Sasa lori limejaa mara tatu.

11 Oktoba

Gesi. Mashoka yamenyamaza. Siku sita. Marehemu mume wangu alikuwa akisema miti ile ilichukua miaka arobaini kukua.

16 Oktoba

Gesi. Theonest amekuja na watu wenye vifaa. Wamesimama mpakani dakika chache. Safari hii viatu vyake vimeshika vumbi, maana hakuna jani la kulizuia. Amesema Mradi umesikitika na unahamia wilaya nyingine, ambako jamii iko tayari. Alipofika kwangu akanipa mkono na kuniuliza kwa nini watu walifanya hivi. Nikamwambia kifungu cha saba. Akasema atakiangalia.

25 Oktoba

Gesi. Jua.

2 Novemba

Gesi. Jua. Wingu limekuja mchana, likapita.

10 Novemba

Gesi imeisha, uji ukiwa mbichi. Nimekunywa hivyo hivyo.

11 Novemba

Nishati: hakuna.

13 Novemba

Nimekwenda Tinde na mtungi kichwani. Bodaboda wote ni vijana wa hapa, hakuna aliyesimama. Nimetoka alfajiri nimefika jua la saa tano. Zakir yuko nyuma ya kaunta ile ile aliyokaa baba yake na babu yake. Aliniona, akainuka.

"Shikamoo mwalimu! Umepotea. Za siku nyingi?"

Miezi miwili sijaambiwa shikamoo. Nilifungua mdomo kusema marahaba nikalia, mbele ya wateja, mtungi bado kichwani. Zakir akautua kwa mikono yake. Akanipa kiti na soda, hakuuliza kitu. Mtungi uliojaa ni mzito, sikuweza kurudi nao. Nimeuacha kwake nikarudi na boksi la viberiti. Njiani nilikuwa nalitingisha nisikie vinavyolia.

14 Novemba

Kuni. Visiki vya ngitili. Vinawaka vizuri sana, Mungu anisamehe.

27 Novemba

Kuni za visiki. Maduhu ameuza ng'ombe wawili apate mahindi. Amebaki na yule mweusi mwenye pembe moja. Anatembea naye mwenyewe kila mahali, akiwa amemshika kamba.

5 Desemba

Kuni za visiki.

Jana mvua ya kwanza imenyesha. Ilikuja kwa hasira. Zamani maji yaliingia kwenye majani ya ngitili yakapotelea humo kimya kimya. Jana yamepita juu, mekundu, yakaenda na udongo mpaka barabarani, na asubuhi kumebaki mawe ambayo sijawahi kuyaona.

Mvua ya kwanza ndiyo siku ya kufunga. Hakuna aliyetoka. Nikakaa mlangoni nikisubiri nione mtu akitoka, mpaka nikachoka. Nyasi hakuna popote, kwa hiyo nikavuta fungu moja kutoka kwenye paa la jiko langu, nikagawa mara nne, nikaenda peke yangu. Kona ya kwanza nikafunga fundo kwenye kisiki. Ya pili kwenye kisiki. Ya tatu kisiki kimeng'olewa, nimekipikia mimi mwenyewe wiki jana, nikachomeka kijiti.

Kona ya nne, upande wa kisima, alikuwepo Maduhu amekaa kwenye kisiki, na ng'ombe wake mweusi kando. Nilisimama. Yeye hakusimama. Nikapiga magoti, nikachomeka kijiti kando ya kisiki chake, nikafunga fundo langu, nikijua ananitazama. Siruhusiwi kumsalimia, wala yeye kunisalimia.

Mwishowe akamgeukia ng'ombe.

"Mwambie mwalimu hapa hakuna cha kufunga."

Nikalikaza fundo.

"Mwambie lile la tarehe kumi na nane sikulisema kwa sababu kama wangetutenga wote wawili, nani angebaki kuwahesabu ng'ombe wa kijiji wanaoendelea kufa." Akavuta kamba kidogo. "Mwambie mimi nimeshamsamehe. Tangu mwezi wa tisa. Lakini moto siwezi kumpa. Moto si wangu peke yangu."

Nikamwambia ng'ombe, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia?" Maduhu akamuuliza ng'ombe. Nilikuwa upande wa sikio lake la kushoto.

"Nimesikia!" nikapiga kelele.

Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumwambia ng'ombe mengine mengi, yote niliyoyaandika humu. Lakini ng'ombe alikuwa ameshainamisha shingo. Alinusa kijiti, akatoa ulimi, akalivuta fundo langu, nyasi za paa la jiko zilizokaa kwenye moshi miaka minane, akaanza kulitafuna. Maduhu hakumvuta. Na mimi sikumfukuza. Tulimwangalia akila mpaka akamaliza, halafu Maduhu akamshika kamba, wakaenda kutafuta kona nyingine.

Mafundo mengine yalikuwa matatu.